Nimempa chumba, mbona bado anarudi kulala nje?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, nina karakana yangu ndogo ya mageti na madirisha. Nina mke na watoto wawili wanaosoma. Nakuandikia kwa sababu nyumbani kwangu siku hizi hakukaliki, na chanzo ni mtu ambaye nilidhani namsaidia.

Kuna kijana wa miaka 19. Tulifahamiana akija karakanani kuokota vipande vya chuma chakavu akauze. Kwao aliondoka akiwa na miaka kama 14. Baba wa kambo alikuwa anampiga, siku moja akatoka na hakurudi tena. Tangu hapo amelala vibarazani, kwenye magari mabovu, na pengine kwa washikaji wanaomvumilia siku mbili tatu kisha wanaanza kununa. Nilivutiwa naye kwa sababu ana kipaji. Siku moja nilimpa brashi apake rangi geti, akalipaka vizuri kuliko kijana niliyekuwa namlipa. Nikaanza kumfundisha kuchomelea, akashika haraka.

Nyuma ya karakana kuna stoo niliyokuwa naweka makopo ya rangi na thina. Nikayasogeza makopo upande mmoja, nikaweka kitanda, godoro, taa na kufuli, nikamkabidhi ufunguo. Kodi simtozi. Nilimpa masharti matatu tu: apige kazi, aache pombe, aachane na wale wenzake wa nje.

Sasa Shangazi, miezi imepita na simwelewi. Kitandani halali. Nikienda asubuhi kumwamsha namkuta sakafuni karibu na mlango, amejikunja, viatu miguuni. Mfuko wake wa nailoni wenye nguo na makaratasi yake uko palepale mlangoni umefungwa, kama abiria anayesubiri basi. Taa inawaka hadi kunakucha. Kuamka ni shida, na akiamka anasinzia juu ya kazi. Kila wiki kuna usiku mmoja au miwili hayupo kabisa, nikimuuliza anasema alikuwa na wenzake. Yaani ana godoro, anakwenda kulala kwenye maboksi! Nikimlipa Jumamosi, Jumapili jioni hana hata senti.

Juzi grenda yangu ndogo haikuonekana. Nilipomuuliza hakubisha. Alisema mwenzake mmoja aliumizwa usiku, zilihitajika fedha za matibabu, akaiweka rehani, na alikuwa na nia ya kuikomboa. Niliwaka. Nikamwambia achague, mimi au wao. Hakujibu. Aliinama tu akaendelea kusugua kutu kwenye bomba.

Mke wangu anasema shukrani ya punda ni mateke, na leo ni grenda, kesho itakuwa jambo kubwa zaidi, maana watoto wetu wanapita pale kila siku wakitoka shule. Kaka yangu anasema miaka 19 ni mwanamume kamili, akajitafutie. Mimi nimebaki katikati. Nikimtoa, najua anakokwenda. Nikimwacha, naonekana bwege mbele ya familia yangu. Halafu kabla ya hili la grenda aliniambia anatamani kumwona mama yake ila anaogopa, na sikujua nimjibu nini.

Nimkatie tamaa, Shangazi?

Fundi niliyekwama

*

Marahaba, fundi wangu.

Usimtoe. Nimelitanguliza hilo ili usome yaliyobaki ukiwa umetulia. Ila namna mnavyoishi sasa nayo haiwezi kuendelea, kwa sababu mkeo ana haki ya kuogopa na wewe umechoka, na mtu aliyechoka hufukuza mtu kwa neno moja la asubuhi bila hata kukusudia.

Nianze na ule mfuko mlangoni, maana ndio ulionisimamisha nilipokuwa naisoma barua yako. Unauona kama dalili kwamba kijana hajatulia akili. Mimi nauona kama dalili kwamba anajua hesabu zake. Chumba kile hakina kodi, hakina karatasi, hakina muda uliotajwa. Kinategemea wewe umeamkaje. Ukikorofishana naye kazini, amepoteza kazi. Akipoteza kazi, amepoteza chumba. Akipoteza chumba, amekupoteza na wewe, mtu mzima pekee aliyewahi kumshikisha ufunguo. Yote matatu umeyafunga kwenye kamba moja, na kamba umeishika wewe. Kisha ukaniandikia kuuliza kama uiachie. Kwa hiyo mfuko uko mahali pake, na asipoufungua mwaka huu sitamlaumu.

Kitu cha kwanza nitakachokuomba, basi, ni kutenganisha chumba na tabia. Mkae mwandikiane makubaliano ya ukurasa mmoja, lugha nyepesi, sahihi yako na yake, kila mtu nakala yake. Mtaje muda, tuseme mwaka mmoja, na tarehe ya kuuzungumza upya. Mtaje mambo machache mno yanayoweza kumtoa: kumpiga au kumtishia mtu, kuuza dawa za kulevya pale, kumdhuru mtoto. Na hata hayo yakitokea, mtaje notisi ya siku ngapi na nani atajulishwa, isipokuwa mtu akiwa hatarini pale pale. Kuchelewa kazini kuwe suala la kazini, likatwe kwenye ujira wa saa alizokosa, liishie hapo. Kulewa Jumamosi kusimtoe kitandani kwake Jumapili. Baadaye akishaanza kupata ujira unaoeleweka, mtoze kodi kidogo. Najua unaona aibu kumtoza maskini, lakini anayelipa anaweza kusema hiki ni changu. Fadhila tupu haimpi mtu neno hilo.

Utaniuliza kama huko si kumdekeza. Swali hilo limeulizwa na wakubwa kuliko sisi. Kwa miaka mingi miji mikubwa iliwaambia watu wasio na makazi: acha pombe kwanza, tulia kwanza, thibitisha kwamba unastahili, ndipo upewe nyumba. Mwaka 1992 kule New York mwanasaikolojia Sam Tsemberis alianza kuigeuza hiyo safari, nyumba mbele, masharti ya kubadilika nyuma, msaada ukimfuata mtu anakoishi. Wengi walimcheka. Kati ya 2009 na 2013 Kanada ikalipima jambo hilo kwa uzito katika miji mitano, Vancouver, Winnipeg, Toronto, Montreal na Moncton, kwa watu zaidi ya 2,000 waliokuwa hawana makazi na wana maradhi ya akili. Katika miezi sita ya mwisho ya utafiti, asilimia 62 ya waliopewa nyumba kwanza walikuwa na makazi muda wote. Kwa walioachwa kwenye huduma za kawaida ilikuwa asilimia 31. Hawa walikuwa watu wenye hali ngumu kuliko kijana wako. Na zingatia jambo moja: hata kwenye kundi lililofanya vizuri wapo walioharibu, wakapoteza nyumba, wakahamishiwa nyingine na kuanza tena. Mpango ulikuwa umeliwekea hilo nafasi tangu mwanzo. Wewe hukuliwekea nafasi, ndiyo maana kila kosa linakushtua kama ni la kwanza duniani.

Sasa usiku. Mtu aliyelala nje tangu akiwa na miaka 14 hajajifunza kulala usiku, amejifunza kulinda. Usiku ndio wakati wa kuibiwa viatu, kumwagiwa maji, kufukuzwa na walinzi, na mambo mengine ambayo wavulana hawayasemi, nawe usimlazimishe ayaseme. Wengi huupata usingizi wao wa kweli mchana, kwenye kelele na watu wengi, kwa sababu hapo hakuna wa kuwafanyia kitu. Viatu havivuliwi kwa kuwa ukikurupushwa lazima ukimbie. Karibu na mlango ndipo unaposikia nyayo mapema. Kumbe unamkuta asubuhi hajalala kabisa, kisha unamkabidhi mashine ya kuchomelea! Hapo nikukaripie kidogo kama mama: fundi aliyesinzia akiwa na moto mkononi ni hatari kwake na kwako. Mpangie aanze kazi saa mbili baadaye kwa sasa, apewe kwanza shughuli za kupima, kupaka na kusugua. Mwekee kitasa cha ndani, komeo analolifunga mwenyewe, maana kufuli ya nje haimlindi aliyeko ndani. Mlango usigonge na kuingia kwa pamoja. Simama nje, mwite jina, ngoja. Taa iache iwake, gharama yake ni ndogo kuliko ya kumpoteza. Kitandani atapanda siku mwili wake utakapokubali, na wengine huchukua muda mrefu sana.

Na nikiwa bado chumbani humo, hayo makopo ya rangi na thina yatoe leo. Mvuke wake ni sumu kwa anayelala nao, ni moto unaosubiri cheche katika karakana ya kuchomelea, na vijana wengi walioishi nje wamewahi kuvuta gundi au petroli ili baridi na njaa visisikike. Sisemi wako amevuta. Nasema usimlaze na kishawishi kwenye chumba kimoja halafu umlaumu.

Linalokuuma zaidi, naona, ni kwamba anakwenda kwa wenzake. Unalipokea kama dharau kwa godoro lako. Hebu mfikirie usiku wa kwanza humo stoo: karakana imefungwa, umeme wa mashine umezimwa, wewe umekwenda kwa mkeo na watoto, kimya. Miaka mitano hajawahi kulala peke yake. Kundi ndilo lililokuwa mlango wake na kufuli yake. Wanaofanya kazi na vijana hawa watakwambia kwamba wengi hawarudi nje kwa kukosa kodi, wanarudi kwa upweke, na mara nyingi ni miezi ile ya mwanzo baada ya kupata chumba, wakati sisi tumeshapiga makofi na kuondoka.

Halafu kuna deni. Huko nje mwenye kitu leo ndiye anayewalisha wenzake leo, kwa sababu kesho ni zamu ya mwingine. Kijana wako amelishwa hivyo akiwa mgonjwa, amelindwa hivyo akiwa mdogo. Leo ana ujira, wao hawana. Akiwapita bila kuwaangalia atakuwa mtu wa aina gani? Fedha yake ya Jumamosi inakwenda huko, na kwa hesabu za kule hiyo si ubadhirifu. Isitoshe, fedha iliyowekwa nje huibiwa, kwa hiyo akili yake imezoea kwamba fedha salama ni ile iliyokwisha tumika. Mlipe kila jioni kwa wiki chache, kisha kila baada ya siku tatu, ndipo mfike kwenye wiki. Fedha yake usimtunzie wewe, hata akikuomba, maana siku mtakayogombana itakuwa fedha yako mikononi mwako na yake mdomoni tu. Akishapata kitambulisho, msaidie afungue akiba kwenye simu kwa jina lake, aweke kidogo anachotaka, hata kikichekesha.

Lile la kuchagua kati yako na wao, lifute. Mwambie kwa mdomo wako kwamba umelifuta. Ukimlazimisha kuchagua atawachagua wao, kwa kuwa wao wamethibitishwa kwa miaka na wewe kwa miezi. Badala yake mpe kisingizio. Tatizo la vijana wengi wanaopata chumba ni wenzao kuja kulala, leo mmoja, kesho wanne, mwisho kijana mwenyewe anakimbia chumba chake au anafukuzwa kwa kelele zao. Kuwakatalia uso kwa uso hawezi, ni usaliti. Basi wewe uwe mbaya. Aseme: fundi hataki, mkali kweli, akikuta mtu analala humu tunatoka wote. Atacheka ukimwambia hivyo, nawe cheka, lakini kisingizio hicho kitamwokoa mara nyingi kuliko mahubiri. Wageni wa mchana waruhusu, mlango ukiwa wazi, mpaka saa mtakayokubaliana. Ukiwafahamu wawili watatu kwa majina utapata faida nyingine: siku asiporudi, utajua pa kuuliza.

Grenda ni kosa, na lisipite hivi hivi. Sikubaliani na wale wanaodhani kumhurumia mtu ni kumfumbia macho, huko nako ni kumdharau. Ila angalia alivyofanya: hakubisha, alisema iko wapi na kwa nini. Mtu anayeibia mtu asiyemjali hasemi hayo. Nendeni wote wawili mkaikomboe, wewe ukitoa fedha na yeye akiwa amesimama pale. Kisha akulipe kwa mafungu madogo yasiyomwacha bila kitu, yaandikwe kwenye daftari, na siku deni likiisha msilitaje tena maishani. Zana za thamani zifungiwe kabatini na ufunguo ubaki kwako kwa sasa. Mwambie waziwazi kwamba ni kwa sababu ya grenda, na mtaje siku ya kulizungumza upya. Na muongeze sharti moja litakalomshangaza: akikwama kwa jambo kama lile la mwenzake kuumia, aje akugongee, hata usiku. Unaweza kumkatalia fedha. Lakini atakuwa ameuliza kabla ya kuchukua, na kuuliza ni jambo ambalo huko alikotoka halikumfaa kamwe.

Kaka yako anayesema miaka 19 ni mwanamume kamili, muulize yeye aliondoka kwa wazazi wake akiwa na miaka mingapi, na mara ngapi alirudi kuomba. Watoto wenye kwao huondoka taratibu, wakirudi mwisho wa wiki na nguo chafu. Asiye na kwao ndiye tunayemtaka asimame siku moja bila kuyumba. Ubongo wenyewe, hasa sehemu ya mbele inayopima madhara na kuzuia pupa, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Uingereza iliingiza jambo hili kwenye sheria mwaka 2014: kijana aliyekuwa chini ya familia ya walezi aweze kuendelea kuishi nao akishatimiza 18, hadi 21, wenyewe wakikubaliana. Na asifikiri ni vijana wachache walioharibika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walikadiria mwaka 2017 kwamba huko Marekani, katika kila vijana kumi wa miaka 18 hadi 25, mmoja alikosa makazi kwa namna fulani ndani ya mwaka mmoja. Karibu nusu yao walikuwa wakihama kutoka kwa rafiki hadi kwa rafiki tu, hakuna aliyewaona barabarani. Kijana wako naye alipita huko, kwa hao waliokuwa wakinuna baada ya siku mbili tatu.

Kuhusu mama yake. Usimpeleke kwa kumshtukiza, na usimpeleke nyumbani kwa yule baba wa kambo. Muulize kwanza anataka nini hasa: kumwona tu, kuombwa radhi, kurudi, au kujua kama bado yuko hai? Hayo ni mambo manne tofauti. Ujumbe umfikie mama kupitia mtu wanayemwamini wote wawili, shangazi wa kijana au afisa ustawi wa jamii, wakutane mahali pa watu, muda mfupi, na kijana awe na njia ya kuondoka wakati wowote. Wewe kaa karibu lakini usikae mezani. Usiku wa siku hiyo ndio wa kuangaliwa kuliko kukutana kwenyewe. Yakienda vibaya ataumia, yakienda vizuri pia ataumia, maana atajiuliza miaka yote ile ilikuwa ya nini. Panga uwepo. Akisema hataki tena kwenda, hata mkiwa njiani, geuzeni.

Mkutano huo una faida ya pili ambayo watu huisahau. Mama huenda ndiye anayeweza kusaidia kupatikana kwa cheti cha kuzaliwa. Bila cheti hakuna kitambulisho, bila kitambulisho hata laini ya simu anasajili kwa jina la mtu, akaunti hana, mtihani wa ufundi hafanyi, na siku atakapotaka kupanga chumba kingine hatakuwa na la kuonyesha. Ule mfuko wa nailoni ndio ofisi yake yote. Ukifanikiwa kumpatia nakala zilizofungwa vizuri, nyingine zikakaa kwako kwa ridhaa yake na nyingine kwenye simu, utakuwa umemfanyia jambo kubwa kuliko kitanda.

Hayo yote si ya kufanya peke yako. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ukaulize kuna shirika gani linalofanya kazi na vijana waliotoka mitaani. Wengi wanadhani yanachukua watoto tu, kumbe yapo yanayofuatilia hadi ukubwani. Mtafutie mtu mwingine mzima wa kuzungumza naye ambaye si mwajiri wake wala mwenye nyumba wake, kocha wa timu, kiongozi wa dini, yeyote anayempenda yeye mwenyewe, si uliyempenda wewe. Pombe usimwamuru aiache ghafla kama anakunywa kila siku na kwa wingi. Mwili uliozoea sana ukikatwa ghafla unaweza kupata degedege, kwa hiyo apitie kwanza kituo cha afya. Na siku ukimsikia anasema afadhali afe, au anaanza kugawa vitu vyake, usingoje barua yangu. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, kuuliza hakumpi mtu wazo hilo. Usimwache peke yake, na umfikishe kwa mhudumu wa afya siku hiyo hiyo.

Kuna jambo halimo kabisa kwenye barua yako: yeye anasemaje. Umenieleza analalaje, anatumiaje fedha, anakwenda wapi. Sijasoma popote kwamba ulimuuliza anataka mwaka ujao umkute wapi. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto ilipotoa mwongozo wake kuhusu watoto walio mitaani, mwaka 2017, ilikosoa njia mbili ambazo serikali zimezipenda: kuwachukulia kama wahalifu, na kuwachukulia kama vitu vya kuokolewa. Kijana wako ameshavuka umri wa mtoto, lakini hiyo ya pili inakuhusu. Huenda hataki kuwa fundi wa kuchomelea. Huenda anataka kurudi darasani, au anataka kupaka rangi tu maana ndicho alichokifanya vizuri siku ya kwanza. Muulize mkiwa mnafanya kazi, mikono ikiwa na shughuli na macho kwenye chuma, vijana hujibu vizuri zaidi hivyo kuliko wakikalishwa kwenye kiti.

Akipotea tena usiku, mtumie ujumbe mfupi: chumba chako kipo, nijulishe kama uko salama. Mara moja tu. Akirudi asubuhi, mpokee na kazi ya siku hiyo, maswali yasubiri jioni.

Namalizia na mkeo. Woga wake usiuite roho mbaya. Watoto ni wake pia, na hakushirikishwa ulipokuwa unasogeza makopo. Kwa hiyo ule ukurasa wa makubaliano usiandikwe karakanani na wanaume wawili. Uandikwe mbele yake, watatu mmekaa, aseme anachotaka kuhusu watoto: wapite wapi wakitoka shule, nani awepo, chumba kile wasiingie kamwe na kijana asiombwe kuwaangalia. Kijana hatachukia. Sharti lililosemwa wazi anaishi nalo vizuri kuliko jicho baya lisilosemwa. Na mkeo akitaka kumuuliza lile la grenda mwenyewe, mwache amuulize, wewe unyamaze, umsikie kijana anavyojibu.